DHAMANA YA KORTI NA USALAMA WA VIJIJI: JAMBO LINALOISUMBUA NCHI YA KANADA

Katika nchi nyingi zilizopata sheria zake kutoka Uingereza, mtu akikamatwa na polisi na kushtakiwa, swali la kwanza linaloamuliwa kortini si kama ana hatia au hana. Swali la kwanza ni hili: Je, mtu huyu aingojee kesi yake akiwa nyumbani kwake, au aingojee akiwa rumande? Swali hilo huonekana dogo, na mara nyingi huamuliwa kwa dakika chache tu. Lakini katika nchi ya Kanada limekuwa jambo kubwa, nalo limejadiliwa Bungeni, magazetini na katika mabaraza ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Sababu yake ni kwamba watu wameuawa na watu waliokuwa wameachiliwa kwa masharti. Na sababu nyingine, isiyo ndogo, ni kwamba watu wengi ambao hawajahukumiwa wanakaa magerezani.

Yafaa habari hizi zielezwe taratibu, kwa maana zinagusa mambo mawili ambayo kila mtu mwenye akili huyataka yote mawili, yaani haki ya mtu asiyehukumiwa, na usalama wa jirani zake.

DHAMANA NI NINI

Dhamana ni ahadi. Mshtakiwa huahidi mbele ya korti ya kuwa atarudi siku ya kesi yake, na ya kuwa atayashika masharti atakayopewa. Pengine mtu mwingine, aitwaye mdhamini, husimama pamoja naye, naye hukubali kupoteza fedha zake endapo mshtakiwa atatoroka. Watu wengi hudhani ya kuwa aliyepewa dhamana amesamehewa, au ya kuwa hakimu amemwonea huruma. Sivyo. Kesi yake ingalipo, na akionekana ana hatia atafungwa kama sheria isemavyo. Vile vile, aliyenyimwa dhamana hajahukumiwa. Huenda baadaye akaonekana hana kosa lo lote.

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1275 sheria ilitungwa Uingereza kueleza ni makosa gani ambayo mshtakiwa wake aweza kudhaminiwa, na ni yapi ambayo hawezi. Mwaka 1689 sheria nyingine ilikataza korti kudai dhamana kubwa kupita kiasi, kwa kuwa maofisa wa mfalme walikuwa wakitaja fedha nyingi mno ili mtu asipate kutoka. Kutoka katika shina hilo moja yalichipuka matawi katika nchi nyingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yasema ya kuwa mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Katiba ya Kanada ya mwaka 1982, katika kifungu cha 11, yasema karibu maneno hayo hayo: mtu asinyimwe dhamana ya kadiri bila ya sababu ya haki.

JINSI SHERIA YA KANADA ILIVYOKUWA

Hapo zamani, mtu maskini katika Kanada alikuwa na taabu kubwa. Korti zilidai fedha taslimu. Mwenye fedha alikwenda zake, asiye nazo alibaki gerezani. Mwaka 1965 mtaalamu wa sheria, Martin Friedland, alitoa kitabu baada ya kuchunguza maelfu ya kesi katika korti za mji wa Toronto. Alionyesha ya kuwa watu wengi walifungiwa kwa sababu ya umaskini wao tu, na ya kuwa wale waliozuiliwa kabla ya kesi walielekea kuonekana na hatia kuliko wale waliokuwa nje. Jambo hilo si la ajabu, kwa maana mtu aliye rumande hawezi kuwatafuta mashahidi wake, hawezi kukaa na wakili wake kwa nafasi, tena huenda akakubali kosa ili mambo yaishe upesi apate kwenda kwao.

Kwa sababu ya uchunguzi kama huo, Bunge lilitunga sheria mpya ya dhamana iliyoanza kutumika mwaka 1972. Tangu wakati huo kanuni imekuwa kwamba mshtakiwa huachiliwa, na ni kazi ya mwendesha mashtaka kuonyesha kwa nini azuiliwe. Sababu zinazokubaliwa ni tatu tu. Ya kwanza ni hofu ya kuwa mshtakiwa hatarudi kortini. Ya pili ni usalama wa watu, pamoja na yule aliyedhulumiwa na mashahidi. Ya tatu ni kwamba kumwachilia mtu huyo, kwa uzito wa kosa lake na nguvu za ushahidi uliopo, kungewafanya wananchi wapoteze imani yao katika korti.

Tena, hakimu hupanda masharti kama mtu apandavyo ngazi. Huanza na ahadi tupu ya kurudi. Kama hiyo haitoshi, huongeza sharti moja. Kama bado haitoshi, huongeza jingine, au hutaka mdhamini. Hawezi kuruka mpaka kipago cha juu bila ya kueleza kwa nini vya chini havifai. Mwaka 2017 Korti Kuu ya Kanada iliwakumbusha mahakimu wote jambo hilo, ikasema ya kuwa fedha taslimu zisidaiwe pale ambapo ahadi au mdhamini angetosha. Mwaka 2019 Bunge likaandika katika sheria kwamba mahakimu waanze na njia nyepesi, na ya kuwa waangalie kwa namna ya pekee hali ya washtakiwa walio wenyeji wa asili.

KWA NINI WENYEJI WA ASILI WATAJWE

Wenyeji wa asili wa Kanada ni watu waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika. Wako wa namna tatu: Mataifa ya Kwanza, ambayo jamii zake zilizotambuliwa na serikali zapita 600, Wainuit wakaao kaskazini penye barafu, na Wametis, ambao ni uzao wa wenyeji na Wazungu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walikuwa watu milioni 1 na laki 8, yaani kama watu 5 katika kila watu 100 wa nchi nzima.

Sasa msomaji alinganishe hesabu hizi. Watu hao ambao ni 5 kwa 100, katika magereza ya serikali kuu walikuwa wamefika karibu thuluthi moja ya wafungwa wote ilipofika mwaka 2022. Kwa upande wa wanawake walikuwa karibu nusu. Korti Kuu ilikwisha kusema mwaka 1999 ya kuwa wingi wa wenyeji magerezani ni msiba katika utaratibu wa haki wa nchi hiyo, lakini tangu hapo idadi yao imezidi kupanda.

Hata hivyo iko hesabu ya pili, nayo huumiza kuliko ya kwanza. Katika miaka ya 2021 na 2022 kama robo ya watu wote waliouawa kwa jinai katika Kanada walikuwa wenyeji wa asili. Yaani mwenyeji wa asili yumo katika hatari ya kuuawa mara sita au zaidi kuliko mtu mwingine wa nchi hiyo. Mwaka 2019 tume iliyochunguza habari za wanawake na wasichana wenyeji waliouawa au kupotea ilitoa taarifa yake pamoja na madai 231 ya haki, ambayo ilisema yatimizwe.

Basi hapo ndipo penye ugumu wote. Watu wale wale ambao vijana wao hujaa magerezani ndio hao hao ambao dada zao na wazee wao huzikwa kabla ya wakati. Mtu akisema, "Wafungeni wote," anaongeza msiba wa kwanza. Akisema, "Waachilieni wote," anaongeza msiba wa pili. Mama mmoja aweza kuwa na mwana aliyewekwa rumande kwa kosa dogo kwa sababu hana mdhamini, na wakati huo huo akawa anafunga mlango wake kwa hofu ya jirani aliyeachiliwa mara ya tano.

MSIBA WA MWAKA 2022

Siku ya tarehe 4 Septemba 2022, katika jimbo la Saskatchewan, mtu mmoja mwenye kisu alikwenda nyumba hata nyumba katika makazi ya Wacree yaitwayo James Smith Cree Nation, kisha akaenda katika kijiji cha karibu cha Weldon. Watu 11 waliuawa, na wengine 17 walijeruhiwa. Mwuaji naye alikufa tarehe 7 Septemba, muda mfupi baada ya kukamatwa.

Ilipojulikana ya kuwa mtu huyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwa makosa 59, nchi nzima ilishtuka. Watu wengi walisema, "Tazameni dhamana zilivyolegea!" Lakini yafaa ukweli ushikwe vizuri, kwa maana mtu yule hakuwa nje kwa dhamana. Alikuwa mfungwa aliyehukumiwa. Katika sheria ya Kanada, wafungwa wengi wa magereza ya serikali kuu hutolewa wakiisha kumaliza theluthi mbili za kifungo, ili theluthi iliyobaki waishi nje chini ya uangalizi na masharti. Yeye alitolewa hivyo mwezi wa Agosti 2021, akarudishwa gerezani baada ya kuvunja masharti, akatolewa tena mwezi wa Februari 2022. Mwezi wa Mei aliacha kuonana na msimamizi wake, hati ya kumkamata ikatolewa, na kwa miezi zaidi ya mitatu hakupatikana.

Tofauti hii si ya wanasheria tu. Kama mlango uliovuja ni wa nyuma, kutia kufuli mlango wa mbele hakuzuii maji. Hata hivyo mambo mawili yalifanana: mtu aliyejulikana kwa ukali wake alikuwa nje kwa masharti, na baada ya masharti kuvunjwa hapakuwa na mtu wa karibu aliyeweza kumrudisha.

SHERIA YA MWAKA 2023

Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 27 Desemba 2022, askari kijana wa polisi wa jimbo la Ontario alipigwa risasi akafa. Mmoja wa walioshtakiwa alikuwa amepewa dhamana katika kesi nyingine, hakufika kortini, na hati ya kumkamata ilikuwa imetolewa. Mwezi uliofuata wakuu wa serikali zote 13 za majimbo na maeneo ya Kanada walitia sahihi barua moja kwa Waziri Mkuu, wakitaka sheria ya dhamana ikazwe. Ni nadra kwa wakuu hao, ambao ni wa vyama mbali mbali, kusema kwa sauti moja.

Mswada uliletwa Bungeni mwezi wa Mei 2023, ukapitishwa na kuwa sheria mwezi wa Desemba, ukaanza kutumika tarehe 4 Januari 2024. Jambo lake kubwa ni kugeuza mzigo. Kwa kawaida, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni mwendesha mashtaka anayebeba mzigo wa kuonyesha kwa nini mtu azuiliwe. Kwa sheria hii, mtu aliyeshtakiwa kwa jeuri ya kutumia silaha, katika kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 10 au zaidi, na ambaye katika miaka 5 iliyotangulia alikwisha kuhukumiwa kwa kosa la namna hiyo, ndiye atakayebeba mzigo. Yeye ndiye aieleze korti kwa nini aachiliwe. Mzigo uligeuzwa vile vile katika baadhi ya makosa ya bunduki, na ukapanuliwa kwa wale wanaorudia kuwapiga wake, waume au wapenzi wao.

Msomaji atambue ya kuwa kugeuza mzigo si kukataza dhamana. Mshtakiwa akiwa na mpango mzuri, mdhamini mwaminifu na mahali pa kukaa palipo mbali na aliyedhulumiwa, korti yaweza kumwachilia. Lakini akinyamaza, atabaki ndani.

Sheria hiyo iliongeza mambo mengine mawili. Kwanza, hakimu lazima aandike katika kumbukumbu za korti ya kuwa amefikiri juu ya usalama wa jamii. Pili, lazima aeleze kama mshtakiwa ni mwenyeji wa asili au mtu wa kundi lingine lililo dhaifu, na jinsi alivyolifikiri jambo hilo. Hivyo Bunge lilijaribu kuyashika yale mambo mawili kwa mikono miwili. Tena liliagiza ya kuwa sheria yenyewe iangaliwe upya baada ya miaka 5.

FIMBO YA MBALI

Wazee husema ya kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo yaeleza upungufu ambao hakuna kifungu cha sheria ya dhamana kinachoweza kuujaza peke yake.

Hakimu aweza kuandika, "Usimkaribie mwanamke huyu. Usitoke nje usiku. Usishike silaha." Maneno hayo ni mazuri, lakini ni nani atakayeyatazama? Katika mji kama Winnipeg au Toronto polisi hufika kwa dakika chache. Katika makazi mengi ya wenyeji kituo cha polisi ni mwendo wa makumi ya kilomita, na kaskazini ya mbali makazi mengine hayana barabara ila ile ya barafu wakati wa baridi kali. Wakati mwingine wote hufikiwa kwa ndege. Siku ya msiba wa James Smith polisi walitoka katika mji wa Melfort, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Makazi yenyewe hayakuwa na polisi wao.

Tangu mwaka 1991 serikali kuu imekuwa na mpango wa polisi wa wenyeji wa asili, ambao kwa huo serikali kuu hulipa asilimia 52 ya gharama na serikali ya jimbo hulipa asilimia 48. Mpango huo umesaidia, lakini umekuwa mpango wa mikataba. Mkataba ukiisha, wakuu wa wenyeji huwa hawana hakika ya fedha za mwaka ujao. Mwezi wa Novemba 2024 Korti Kuu iliamua katika kesi ya Wainnu wa Mashteuiatsh dhidi ya serikali ya Quebec, ikasema ya kuwa serikali hiyo haikutenda kwa nia njema ilipokataa kuzungumza upya juu ya fedha za polisi wao, na ya kuwa heshima ya Serikali yenyewe ilikuwa imeguswa.

Mabaraza mengine ya wenyeji yamejaribu njia yao wenyewe. Wametunga sheria ndogo za kumfukuza katika makazi mtu aletaye madawa ya kulevya au jeuri. Lakini mara nyingi imekuwa vigumu kupata polisi na waendesha mashtaka wa kuzitekeleza. Tena liko swali ambalo wazee wenyewe huulizana: mtu akifukuzwa hapa, anakwenda kwa nani? Nyoka aliyefukuzwa katika nyumba moja huingia katika nyumba ya pili.

MASHARTI YASIYOSHIKIKA

Iko shida nyingine, ya upande wa mshtakiwa. Mtu wa makazi ya mbali akikamatwa, huenda akasafirishwa kwa ndege mamia ya kilomita mpaka kwenye korti na gereza. Ndugu zake hawana nauli ya kumfuata. Mdhamini hatakiwi kuwa mtu aliyehukumiwa hivi karibuni, naye lazima awe na mali au nyumba ya kutosha. Lakini katika makazi ambayo nyumba ni haba na umaskini ni mwingi, watu wa namna hiyo si rahisi kupatikana. Basi wawili wenye kosa moja, mmoja wa mjini na mmoja wa makazi, hawapati haki sawa, ijapokuwa sheria yao ni moja.

Hata akiachiliwa, masharti yaweza kuwa mtego. Mlevi huambiwa, "Usionje pombe kabisa." Asiye na nyumba huambiwa, "Usibadilishe anwani yako." Katika Kanada kuvunja sharti la dhamana ni kosa jipya la jinai. Hivyo mtu aliyekamatwa kwa kosa dogo aweza kujikuta ana makosa matano, na yote manne yaliyoongezeka si wizi wala kupiga mtu, bali ni kunywa pombe au kuchelewa kurudi nyumbani. Mwaka 2020 Korti Kuu ilionya juu ya jambo hilo, ikasema ya kuwa kila sharti lazima liwe na sababu yake, na ya kuwa masharti yasitolewe kama mtu apigavyo mhuri.

Matokeo yake ni kwamba kwa muda wa miaka ishirini hivi magereza ya majimbo ya Kanada yamekuwa na watu wengi wanaongojea kesi kuliko waliohukumiwa. Hapo ndipo hasara inapokuwa ya wote. Polisi wanaotumia siku nzima kumtafuta mlevi aliyevunja sharti hawana siku ya kumtafuta mtu wa hatari aliyetoroka. Gereza lililojaa watu wa makosa madogo halina nafasi ya kutosha kwa watu ambao kweli lazima wazuiliwe.

HOLLOW WATER: KIJIJI KIMOJA, HABARI MBILI

Mashariki ya ziwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, yako makazi ya Waanishinaabe yaitwayo Hollow Water. Jina lake lilijulikana zamani kwa sababu njema. Katika miaka ya 1980 watu wa hapo waligundua ya kuwa ubaya wa kuwanajisi watoto umeenea majumbani mwao, na ya kuwa kifungo peke yake hakikuuponya, maana mkosaji alirudi vile vile alivyokwenda. Wakaanzisha utaratibu wao wa kukaa katika duara: mkosaji lazima akubali kosa lake kortini na mbele ya watu, amsikie aliyemdhulumu, na kwa muda wa miaka aangaliwe na kufundishwa na jamaa yake, wazee na wafanya kazi wa makazi. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha ya kuwa katika wakosaji 107 waliopitia utaratibu huo, 2 tu walirudia.

Lakini tarehe 4 Septemba 2025, yaani siku ile ile ya mwezi iliyotimiza miaka mitatu tangu msiba wa James Smith, watu wa Hollow Water nao walishambuliwa kwa kisu. Mtu mmoja aliuawa, wengine kadhaa wakajeruhiwa, na mshukiwa alikufa barabarani gari alilokuwa akiendesha lilipogongana na gari la polisi. Maneno ya dhamana yakarudi tena midomoni mwa watu.

Habari hizo mbili za kijiji kimoja zafaa kuwekwa pamoja. Ya kwanza yaonyesha nguvu ya jamii inayomjua mkosaji kwa jina, inayomwona kila siku, na yenye watu waliowekwa kwa kazi hiyo. Ya pili yaonyesha ya kuwa hata jamii yenye hekima ya namna hiyo haiwezi kusimama peke yake mbele ya mtu mwenye kisu. Duara la wazee ni la kuponya. Halikuwekwa badala ya polisi. Na polisi ni wa kuzuia. Hawakuwekwa badala ya wazee.

MSWADA WA MWAKA 2025

Mwezi wa Oktoba 2025 serikali ya Kanada ilipeleka Bungeni mswada mwingine wa dhamana na hukumu. Mswada huo ulitaka mzigo ugeuzwe katika makosa mengine, kama kuiba gari kwa jeuri, kuvunja nyumba ya mtu, kuuza watu, na kumkaba mtu koo. Tena ulitaka ielezwe wazi ya kuwa kanuni ya kuanza na njia nyepesi haina maana ya kwamba kila mtu lazima aachiliwe.

Walioupenda walisema ya kuwa mahakimu wanahitaji maneno yaliyo wazi. Walioushuku walisema ya kuwa kila mzigo unaogeuzwa huwaangukia kwanza wale wasio na wakili wa kutosha wala mdhamini, na katika Kanada hao ni wenyeji wa asili kuliko watu wengine. Maneno ya pande zote mbili yana kweli ndani yake. Jambo moja, hata hivyo, halibishaniki: Bunge la Ottawa ndilo litungalo sheria ya jinai, lakini ni majimbo yanayolipa mahakimu wengi wa dhamana, waendesha mashtaka na magereza ya rumande. Sheria ikipita Ottawa bila ya fedha na watu kuongezwa majimboni, itabaki maneno katika karatasi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu akiyapima mambo haya yote ataona ya kuwa dhamana nzuri yataka vitu vitatu, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Cha kwanza ni hakimu mwenye habari kamili. Hawezi kumtenga mtu wa hatari na mtu wa taabu kama haambiwi mambo yao ya nyuma, wala hawezi kujua hofu ya kijiji kama kijiji hakiulizwi.

Cha pili ni masharti machache yenye sababu. Sharti la kutomkaribia aliyepigwa laweza kuokoa maisha yake. Lakini likichanganywa na masharti kumi mengine yasiyo na maana, hupotea kama punje katika makapi.

Cha tatu ni mtu wa karibu wa kuyatazama masharti hayo, awe askari, msimamizi au mzee wa makazi, mwenye amri na mshahara wa kufanya hivyo, na ambaye hati ya kumkamata mtu ikitolewa atakuwa na njia ya kumfikia siku ile ile.

Kanada imetumia miaka mingi ikibishana juu ya kile cha kwanza, yaani maneno ambayo hakimu huambiwa na sheria. Watu wa James Smith na wa Hollow Water, ambao wamezika wao kwa wao, wana haki ya kuuliza habari za cha tatu. Kwa maana mlango wa korti hufungwa saa kumi ya jioni, na hakimu hurudi kwake; bali aliyeachiliwa na aliyedhulumiwa hurudi wote wawili katika makazi yale yale, wakapita njia ile ile, na usiku ukawaingilia.